Mabadiliko ya Usafiri Dar es Salaam na Haki ya Anayeachwa Kituoni



Maneno "usafiri wa umma" yamezoeleka mno katika taarifa na mipango, hata neno la pili limeanza kusahauliwa maana yake. Huzungumzwa mabasi, reli, barabara, mikopo na makandarasi. Umma wenyewe hutajwa pale tu unapohesabiwa kwa maelfu ya abiria kwa siku. Mazungumzo haya yanakusudia kuanza upande wa pili, yaani kituoni, kwa mtu ambaye gari limekuja, limesimama, na limeondoka bila yeye. Mtu huyo aghalabu ni mwanafunzi aliyevaa sare. Wakati mwingine ni mzee, au mtu mwenye ulemavu, au mama mwenye mzigo kichwani. Watu hawa hawana chama cha kuwasemea wala hawana gari la ofisi, na kila mara huduma ya usafiri inapobadilishwa wao ndio wa mwisho kuulizwa.

Jiji la Dar es Salaam limeshuhudia mabadiliko mengi ya namna hiyo. Kampuni ya mabasi ya DMT, iliyoanza mwaka 1949, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa jiji. Lengo la UDA lilikuwa jema, na hakuna haja ya kulionea haya hata leo. Ilitakiwa mfanyakazi wa kiwandani Ubungo na karani wa wizarani wasafiri katika basi moja, kwa nauli ambayo mshahara wa kima cha chini ungeweza kuimudu. Lakini mabasi yalihitaji vipuri, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya kumng'oa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikachukua sehemu kubwa ya fedha za Taifa. Na haifai kuficha kwamba uongozi mbovu wa mashirika nao ulikuwa na sehemu yake. Foleni za abiria zikawa ndefu kuliko mabasi yaliyokuwa barabarani.

Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Nauli yake ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo wananchi waliiita dala, na hivyo magari hayo yakaitwa daladala. Baadhi yake yalikuwa malori madogo yenye mabenchi, abiria wakikaa wakitazamana kama wanywaji mezani, na wananchi wakayapa jina la chai maharage. Yalimsaidia mwananchi, hilo halina ubishi. Mtu aliyekuwa akisubiri saa 2 alisubiri dakika 20.

Hata hivyo, jambo kubwa lililobadilika mwaka huo halikuwa rangi ya gari wala jina la mwenye gari. Lililobadilika ni namna dereva na kondakta wanavyopata riziki yao, na hapo ndipo msiba wa mwanafunzi ulipoanzia. Dereva wa UDA alilipwa mshahara. Akibeba wanafunzi 50 au watu wazima 50, mwisho wa mwezi aliupata mshahara ule ule. Dereva wa daladala, kwa kawaida, hana mshahara. Mwenye gari humpangia hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha ambacho lazima kifikishwe kila jioni, liwe jua au mvua, iwe siku ya kazi au ya sikukuu. Mafuta hulipwa na wafanyakazi wa gari. Mpigadebe anayeita abiria kituoni naye lazima apewe chake. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho wanachogawana dereva, kondakta na, pengine, deiwaka aliyewashikia gari kwa saa chache. Aghalabu hawana mkataba wa maandishi. Hesabu isipotimia siku 2 mfululizo, gari hupewa mwingine.

Katika utaratibu huo yanaeleweka mambo ambayo wananchi huyataja kila siku kuwa ni ukorofi wa tabia. Gari hukatisha ruti, likawashusha abiria njiani na kugeuza, kwa sababu kipande cha mwisho cha safari kina abiria wachache. Gari hukimbizana na jingine kuelekea kituoni. Mlango hufungwa mbele ya mwanafunzi. Kuyaita haya utovu wa adabu ni sawa, kwa kuwa matusi ni matusi na kumsukuma mtoto ni kosa. Lakini kuishia hapo ni kumwachia mwenye gari, na hata wapanga nauli, waondoke bila kuulizwa swali.

Yafaa hesabu yenyewe ifanywe waziwazi. Mwezi Aprili 2013, SUMATRA ilipopanga nauli mpya za daladala, mtu mzima katika ruti fupi alitakiwa kulipa shilingi 400 na mwanafunzi shilingi 200. Mwanafunzi basi alikuwa nusu ya abiria. SUMATRA ikafuatiwa na LATRA mwaka 2019. Mwaka 2022 nauli ya mtu mzima kwa ruti isiyozidi kilomita 10 ikapanda hadi shilingi 500, na Desemba 2023 hadi shilingi 600. Nauli ya mwanafunzi ikabaki shilingi 200. Kwa nia njema kabisa, mwanafunzi akageuka kutoka nusu ya abiria kuwa theluthi. Kondakta anayeruhusu wanafunzi 10 asubuhi katika gari ambalo lingejaa watu wazima hupoteza shilingi 4,000 katika safari hiyo moja, na safari za asubuhi zenye abiria tele ni chache. Hesabu ya mwenye gari haikushuka hata senti kwa ajili ya wanafunzi hao.

Kwa maneno mengine, Taifa lilitoa unafuu wa nauli kwa watoto wake, kisha likamtuma kondakta ambaye hana mshahara akaulipe unafuu huo mfukoni mwake. Halafu likashangaa kwamba anaukwepa. Kila nauli ya mtu mzima inapopandishwa na ya mwanafunzi kuachwa palepale, magazeti huandika kwamba wanafunzi wamesamehewa. Ukweli ni kwamba faida ya kumwacha mwanafunzi kituoni imezidi kuwa kubwa, na kwa hiyo sababu ya kumwacha imezidi kuwa na nguvu.

Walimu walio hapa wanaijua sura ya pili ya jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu Januari 2016 ada ya shule za sekondari za Serikali kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne imefutwa. Kabla ya hapo ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Lilikuwa tendo kubwa, na watoto wengi wa makabwela waliingia madarasani kwa sababu yake. Lakini chukua mwanafunzi anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi kwa siku 194 za masomo: analipa shilingi 77,600 kwa mwaka. Akiwa anabadilisha gari njiani, kama wafanyavyo wengi wanaotoka Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika kwenda shule za katikati ya jiji, ni shilingi 155,200. Mzazi alisamehewa ada ya shilingi 20,000, akabaki na nauli ambayo ni zaidi ya mara saba ya ada hiyo. Na hiyo ni nauli ya gari lililomkubali mtoto. Siku alipokataliwa na magari manne, gharama yake haimo katika hesabu yoyote ya fedha. Imo katika daftari la mahudhurio, chini ya neno "kachelewa".

Hapo shule nazo hazina budi kujitazama. Mtoto aliyeondoka nyumbani saa 11 alfajiri, akasimama kituoni hadi saa 1, akafika shuleni jasho likimtoka, hupokewa na lango lililofungwa au fimbo. Ameadhibiwa mara mbili kwa kosa lisilo lake. Jirani yake anayesoma shule ya binafsi amepita mbele yake akiwa ameketi ndani ya basi la njano, mkoba mapajani. Wote wawili watafanya mtihani uleule wa Taifa. Wako wasichana, kadhalika, ambao baada ya kukataliwa na daladala hupewa lifti na wanaume wenye pikipiki na magari, na walimu walezi wanajua wengine wao walikoishia. Jambo hilo lisemwe wazi katika vikao vya wazazi badala ya kunong'onwa baada ya mtoto kuacha shule.

Mwezi Mei 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, ambayo watu wote wanayaita mwendokasi. Njia ya kwanza, yenye urefu wa karibu kilomita 21, ilikwenda kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, katika barabara yake yenyewe isiyoingiliwa na magari mengine. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650, na mwanafunzi shilingi 200. Safari iliyokuwa ikila saa 2 asubuhi ikaweza kumalizwa chini ya saa moja. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kupewa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu, na ilistahili.

Kuna jambo moja katika mwendokasi ambalo halikusifiwa vya kutosha. Tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda, na dereva hulipwa na kampuni. Hakuna kondakta mlangoni anayepima sare na fedha. Kwa sababu hiyo hakuna mtu ndani ya basi lile ambaye mwanafunzi anamtia hasara yeye binafsi. Mtoto anaweza kubanwa, anaweza kukanyagwa, anaweza kushindwa kuingia kwa wingi wa watu, na hayo yote hutokea. Lakini hafukuzwi kwa kuwa mwanafunzi. Tofauti hiyo haikuletwa na lami wala na ukubwa wa basi. Imeletwa na namna ya kumlipa dereva, jambo lile lile lililopotea mwaka 1983. Hali kadhalika sakafu ya basi iko sawa na sakafu ya kituo, hata mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa kama gunia. Katika daladala, mtu huyo hutegemea huruma na mikono ya watu asiowajua. Tatizo lake katika mwendokasi limehamia nje ya kituo, katika njia za mchanga na mitaro isiyofunikwa kati ya nyumba yake na ngazi ya kwanza ya kituo.

Lakini mwendokasi ulikuja na sharti lililomgusa abiria bila yeye kushirikishwa vya kutosha: daladala ziliondolewa katika barabara kuu ya njia hiyo. Siku mabasi yanapotosha, hakuna hasara. Siku yanapopungua, abiria hana pengine pa kwenda. Karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo hata jina la mtaa jirani halihitajiki kumwambia mtu mzima wa Dar es Salaam kwamba maji hupita hapo. Mafuriko yameivamia karakana hiyo zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi, na barabara ya Jangwani inapofungwa kwa mvua, huduma kati ya Magomeni na katikati ya jiji husimama. Mabasi yaliyoanza yalikuwa 140 kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2012 ililihesabia watu 4,364,541 na ile ya 2022 watu 5,383,728. Wapangaji waliifunga njia ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba njia mpya ina akiba ya kutosha, na foleni za Kimara asubuhi ndizo zilizolipia uamuzi huo.

Mzigo nao ulisahauliwa. Mchuuzi anayetoka Feri alfajiri na ndoo ya samaki, au anayerudi kutoka Kariakoo na furushi la mitumba, alikuwa akielewana na kondakta wa daladala kwa kuongeza kidogo. Basi lililopangwa kwa watu wa kusimama wakiwa wamebanana halina mahali pake. Wapangaji wa usafiri duniani kote hufikiria kwanza mtu mwenye mkoba wa karatasi anayekwenda ofisini. Katika Dar es Salaam sehemu kubwa ya abiria huenda kazini wakiwa wamebeba kazi yenyewe.

Mabadiliko mengine yalihusu mwisho wa njia. Februari 2021 ilizinduliwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakahamishiwa huko kutoka Ubungo. Msongamano wa Ubungo ulipungua, na kwa mtu anayekuja kwa gari lake kumpokea mgeni stendi ile ni nzuri. Kwa mtu anayetoka Morogoro au Chalinze kumpeleka mgonjwa Muhimbili, safari iliongezeka gari moja zaidi na nauli moja zaidi, mizigo ikiwa mkononi. Watumishi wanaoishi Kibaha na Mlandizi na kufanya kazi jijini, ambao idadi yao inakua kila mwaka kwa kuwa viwanja vya huko ni nafuu, nao hukatiwa safari vipande viwili au vitatu. Kila kipande kina nauli yake na kusubiri kwake. Wako abiria katika vituo vya pembezoni ambao hupanda gari linalokwenda kinyume, wakalipa nauli, ili wageuze nalo na kupata kiti. Watu hao hulipa mara mbili kwa safari moja, na fedha hiyo haionekani katika jedwali lolote la nauli.

Reli ingeweza kuwaokoa wengi wao. Tarehe 29 Oktoba 2012 treni za abiria wa jijini zilianza kwa njia mbili. Moja ilipita katika Reli ya Kati kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na nyingine katika reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, na baadaye ikaongezwa njia ya Pugu. Treni haina mpigadebe, haikatishi ruti, na behewa moja hubeba abiria wa daladala kadhaa, wanafunzi wakiwemo. Udhaifu wake ulikuwa katika ratiba. Ilipangwa kwa saa za wafanyakazi, asubuhi na jioni, ambapo mwanafunzi hutoka shuleni alasiri.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wachache hukifikiria. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, milimita 1,067. Na reli mpya ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina milimita 1,435. Jiji moja lina reli za aina tatu, na hakuna behewa la njia moja linaloweza kuingia njia nyingine. Historia ndiyo iliyoleta hali hiyo: Wajerumani walijenga ya kwanza, Wachina wakasaidia kujenga ya pili kwa kipimo cha nchi za kusini, na ya tatu imefuata kipimo cha dunia ya leo. Haiwezekani kuzigeuza kwa siku moja. Inawezekana, hata hivyo, kupanga ratiba na tiketi ili anayeshuka katika moja aweze kupanda nyingine, au basi, bila kulipa upya. Treni mpya inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, vituo ambavyo kwa mtumishi wa kawaida vina faida endapo nauli na saa za treni zitamfikiria anayekwenda kazini kila siku, na si msafiri wa mara moja kwa mwezi pekee.

Sasa wapo wanaosema kwamba dawa ya tatizo la wanafunzi ni kali zaidi: askari wasimame vituoni, kondakta anayemwacha mwanafunzi atozwe faini. Imejaribiwa mara nyingi. Askari akiwepo wanafunzi hupanda, akiondoka hubaki. Haiwezekani kuweka askari katika kila kituo kutoka Bunju hadi Kongowe kila asubuhi. Wapo pia wanaotaka nauli ya mwanafunzi ipandishwe ifikie nusu ya ya mtu mzima kama mwaka 2013. Hoja hiyo ina mantiki ya biashara, lakini humaliza tatizo la kondakta kwa kulihamishia kwa mzazi ambaye tayari analipa shilingi 77,600.

Njia ya haki ni pengo la nauli lilipwe na aliyeliamua, yaani umma wenyewe kupitia Serikali. Kadi za kielektroniki zinazotumika kulipia safari zinaweza kumtambua mwanafunzi, kuhesabu safari zake za siku za masomo, na kumfidia mwenye gari shilingi 400 zilizobaki kwa sharti kwamba fidia hiyo ipunguze hesabu ya wafanyakazi wake. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini. Bila hilo fidia itaishia kwa mwenye gari, na kondakta ataendelea kufunga mlango. Itasemwa kwamba Serikali haina fedha. Gharama hiyo, hata hivyo, ipo leo na inalipwa kila asubuhi. Tofauti ni kwamba inalipwa kwa vipindi vya kwanza vya hisabati na Kiingereza ambavyo mtoto wa Chanika hakuvikuta. Wale wanaopanga wanafunzi wa Kidato cha Kwanza nao wanaweza kupunguza mzigo huo bila kutumia hata shilingi, kwa kuacha kumpangia mtoto wa Mbagala shule iliyoko Kinondoni huku mtoto wa Kinondoni akipishana naye barabarani kuelekea Mbagala.

Katika kazi hii mwalimu ana ushahidi ambao hakuna ofisi nyingine inayo. LATRA husikiliza maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli, na liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini lililoundwa kuwasemea abiria. Wenye magari hufika katika vikao hivyo wakiwa na karatasi za bei ya mafuta, matairi na vipuri. Upande wa wanafunzi aghalabu huja na malalamiko matupu. Daftari la mahudhurio likiongezwa safu moja tu, ya saa aliyofika mtoto kituoni na idadi ya magari yaliyomwacha, kwa muhula mmoja, katika shule 20 za pembezoni mwa jiji, kikao kijacho cha nauli kitakuwa na karatasi za pande zote mbili mezani. Safu hiyo haihitaji kibali cha Wizara. Mwalimu wa zamu anaweza kuianza Jumatatu, langoni, mahali pale pale anapowapokea waliochelewa.